Kijijini au ng'ambo: uanzie wapi kumtafuta Mwingereza aliyehama

Anayetafuta nasaba ya familia ya mashambani ya Uingereza huwa ameshika ncha moja tu ya uzi. Ama anakijua kijiji lakini hajui ni ndugu yupi aliyeondoka na aliishia wapi, ama anamjua aliyeondoka, tuseme babu wa babu aliyefia Melbourne au Ohio, lakini hajui kijiji. Wenye hali hii ya pili ndio wanaopoteza pesa zaidi, kwa sababu hukimbilia kumbukumbu za Uingereza kabla ya kumaliza zile za nchi alikofia mtu wao. Wanaandika William Brown, kibarua wa shamba, kazaliwa karibu 1830. Wanapata majina chungu nzima, wanachagua mmoja anayekaribia, na kuanzia siku hiyo mti wao wa ukoo ni wa watu baki.

Kabla ya kulipia chochote, jibu maswali mawili: aliondoka mwaka gani, na alikwenda wapi? Majibu hayo ndiyo yanayoamua uanze upande upi.

Karatasi za nyumbani na karatasi za ugenini

Cheti cha kifo cha Uingereza cha karne ya 19 kinataja jina, umri, kazi, sababu ya kifo na aliyetoa taarifa. Mtu mzima akifa, wazazi wake hawatajwi wala mahali alipozaliwa. Mahali pa kuzaliwa paliongezwa mwaka 1969. Karani wa Dorset, kaunti ya kusini mwa Uingereza, hakuona haja ya kuuliza marehemu alitoka wapi. Karani wa koloni la Victoria, Australia, kuanzia Julai 1853 aliuliza karibu kila kitu: marehemu alizaliwa wapi, baba yake nani na kazi yake nini, mama yake aliitwa nani kabla ya kuolewa, alifunga ndoa wapi na akiwa na umri gani, watoto wake ni akina nani, na amekaa koloni miaka mingapi. Ndiyo maana ndugu aliyehama mara nyingi ana maelezo mengi kuliko yule aliyebaki.

Chukua vibarua sita wa Tolpuddle, Dorset, waliohukumiwa Machi 1834 kupelekwa Australia kwa miaka saba kwa sababu ya kiapo cha siri walichokula walipoanzisha chama chao cha wafanyakazi. James Hammett alirudi kijijini na akafa mwaka 1891 katika nyumba ya maskini ya Dorchester. Wenzake watano waliishia Ontario, Kanada, na George Loveless alifia huko mwaka 1874. Anayemfuatilia Hammett baada ya kurudi kwake anategemea sensa na rejista za parokia. Anayemfuatilia Loveless ana pia kumbukumbu za wafungwa za Tasmania, sensa za Kanada, kaburi, na ndoa za kizazi kilichofuata. Hawa ni watu maarufu, lakini tofauti hiyo ya karatasi iko hata kwa vibarua ambao hakuna aliyewahi kuwaandika habari zao.

Kwa hiyo kanuni yetu ni kuanzia ng'ambo. Kijiji kinashinda katika hali mbili. Ya kwanza ni pale ambapo parokia yenyewe ilimlipia mtu nauli. Kati ya 1832 na 1837 kamati ya Petworth, Sussex Magharibi, chini ya mwavuli wa Lodi wa Egremont na kasisi Thomas Sockett, ilisafirisha watu wapatao 1,800 kwenda Kanada ya Juu, yaani Ontario ya leo. Baada ya Sheria ya Maskini ya 1834, parokia nyingine nazo ziliruhusiwa kutumia kodi ya maskini kuhamisha watu. Majina yao utayapata katika hesabu za parokia, pamoja na bei ya viatu na mashuka waliyonunuliwa, na katika barua kati ya vyama vya maskini, yaani miungano ya parokia iliyosimamia misaada kwa maskini, na London, ambazo ziko Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka mtaani Kew chini ya alama MH 12. Hali ya pili ni mtu aliyehama kabla ya 1850 kwenda Marekani au Kanada, ambako upande wa mapokezi ulikuwa hauandiki chochote cha maana.

Kosa kubwa la njia ya kijijini ni kudhani kwamba mtu asiyeonekana kwenye sensa inayofuata amehama. Huenda amekufa, au yuko jeshini, au jina lake lilinakiliwa vibaya. Msichana huenda ameolewa parokia ya tatu tu kutoka hapo. Maliza vifo na ndoa kwanza, ndipo umpandishe meli.

Nchi aliyokwenda inabadilisha kila kitu

| Nchi | Anza na | Utakachopata | Inapokwama |
|---|---|---|---|
| Australia (Victoria, New South Wales) | Cheti cha kifo, kisha orodha za waliolipiwa nauli | Wazazi, mahali pa kuzaliwa, miaka aliyokaa koloni | Aliyejilipia nauli huandikwa jina na umri, basi |
| New Zealand | Usajili wa kifo kuanzia 1876 | Karibu sawa na Australia | Waliokufa kabla ya hapo |
| Kanada (Ontario) | Usajili wa ndoa kuanzia 1858 | Wazazi wa pande zote mbili, mahali pa kuzaliwa | Waliooana kabla ya kuhama; walioingia kabla ya 1865 |
| Marekani | Tangazo la kifo gazetini, cheti cha kifo cha karne ya 20, maombi ya uraia baada ya 1906 | Inategemea jimbo na mwaka | Karatasi za zamani husema "England" tu |

Australia ndiyo rahisi kuliko zote. Kwa waliolipiwa nauli na serikali kwenda New South Wales kuna orodha za aina mbili. Moja ni ya wakala wa uhamiaji, na ni fupi. Nyingine ni ya bodi iliyowahoji abiria baada ya kutia nanga, na hiyo ina majina ya wazazi, kama wako hai na wanaishi wapi, na ndugu waliokwisha tangulia koloni. Tovuti nyingi hukuonyesha ile ya kwanza kwanza, na watu huridhika nayo. Usiridhike. Vyeti vya vifo navyo vina udhaifu wake: aliyetoa taarifa mara nyingi ni mtoto au mkwe ambaye hakuwahi kuwaona babu na bibi. Jina la mama kabla ya kuolewa ndilo linalokosewa zaidi. Kwa hiyo nunua pia vyeti vya kaka na dada zake waliofia huko. Vyeti vitatu vikikubaliana kijiji, kipo. Ikiwa mtu wako alipelekwa kama mfungwa, shukuru: madaftari ya Tasmania yanaeleza hadi urefu wake, rangi ya macho na makovu, mara nyingi pamoja na kijiji na majina ya ndugu, na picha za kurasa zake zinatazamwa bure.

New Zealand inafanana, na ina nafuu moja ya bei: badala ya cheti rasmi, agiza nakala iliyochapishwa ya taarifa za usajili. Ni rahisi zaidi na ina kila kilichomo kwenye kumbukumbu. Magazeti ya zamani ya nchi hizi mbili, katika Trove ya Australia na Papers Past ya New Zealand, yanasomwa bila malipo, na tangazo la kifo la mistari minne laweza kutaja kijiji ambacho hakimo katika cheti chochote.

Ontario hugeuza mambo. Usajili wa vifo ulianza Julai 1869, lakini kwa miongo kadhaa fomu haikuuliza wazazi. Ndoa ndizo zilizouliza. Kama mhamiaji wako alifika akiwa tayari ana mke, mtafute mwanawe mkubwa aliyezaliwa Uingereza na kuoa Kanada, kwa sababu ndoa ya huyo ndiyo itakayotaja mahali pa kuzaliwa. Orodha za abiria wa bandari ya Quebec zinaanza 1865. Mtoto aliyefika peke yake kati ya 1869 na miaka ya 1930 huenda ni mmoja wa watoto wapatao 100,000 waliopelekwa Kanada na mashirika ya hisani. Hao wana faharasa yao katika Maktaba na Hifadhi ya Nyaraka ya Kanada, na faili zao ziko kwa mashirika yaliyowapeleka.

Marekani ni ngumu, tuseme wazi. Orodha za meli zipo tangu 1820, lakini hadi 1893 zilitosheka na jina, umri, kazi na nchi. Jina la ndugu wa karibu aliyebaki nyumbani liliongezwa 1907. Kesi za uraia kabla ya Septemba 1906 zilisikilizwa na mahakama yoyote na karatasi zake ni kavu. Sensa ya 1890 iliharibiwa karibu yote na moto wa 1921. Ya 1900 na zilizofuata hadi 1930 huuliza mwaka wa kuhamia, na mwaka huo mara nyingi hukosewa kwa miaka miwili mitatu. Aliyepata shamba chini ya sheria ya ardhi ya 1862 ana faili yenye uthibitisho wa uraia. Kwa wengine wote, gazeti la kaunti alikofia ndilo tegemeo.

Orodha za abiria waliotoka Uingereza zenyewe zimehifadhiwa kuanzia 1890 hadi 1960 tu, chini ya alama BT 27, tena ni za safari ndefu: zilizoishia Ulaya au Mediterania hazimo. Mombasa imo, na msomaji wa Kenya au Tanzania anayemfuatilia mlowezi wa miaka ya 1920 atapata humo anwani yake ya mwisho Uingereza.

Ndani ya Uingereza: sensa, vyeti au rejista za parokia

Ukishapata kijiji, sensa ndiyo ya kwanza. Zenye majina zinaanza 1841, kila baada ya miaka 10, hadi 1921. Ya 1931 iliungua 1942 na ya 1941 haikufanyika, pengo linalozibwa kwa kiasi na rejista ya Septemba 1939. Ya 1881 inapatikana bure. Ukiwa na 1841 mkononi, kumbuka makarani waliagizwa kushusha umri wa waliozidi miaka 15 hadi tano iliyo chini, kwa hiyo mwenye 29 akaandikwa 25. Uhusiano ndani ya nyumba haukuandikwa, na mahali pa kuzaliwa ni jibu la ndiyo au hapana kuhusu kaunti hiyo. Kuanzia 1851 ndipo utapata parokia ya kuzaliwa. Ya 1911 inamwuliza mke aliyeolewa amekaa kwenye ndoa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi na wangapi wamekufa. Idadi hiyo ndiyo kipimo cha kama umewapata wote.

Usajili wa serikali unaanza 1 Julai 1837. Hadi 1875 wazazi wasioandikisha mtoto hawakuadhibiwa, kwa hiyo kukosekana kwa cheti cha miaka ya 1840 si ajabu. Faharasa ni za robo mwaka na zinafuata siku ya kuandikisha, si siku ya kuzaliwa. Mzazi alikuwa na siku 42, hivyo mtoto wa Desemba mtafute katika robo ya Machi ya mwaka unaofuata. Hapa kuna kazi moja nzuri isiyo na gharama: faharasa ya mtandaoni ya Ofisi Kuu ya Usajili inaonyesha jina la ukoo la mama kwa watoto tangu 1837, wakati ile ya zamani, inayotumiwa na FreeBMD, tovuti ya bure ya faharasa za vizazi, ndoa na vifo, inalionyesha tangu robo ya tatu ya 1911. Weka jina la baba, jina la mama na wilaya, tafuta kwa vipande vya miaka mitano mitano, na utaorodhesha watoto wote wa ndoa hiyo, pamoja na wale waliozaliwa na kufa kati ya sensa mbili. Kistari mahali pa jina la mama kwa kawaida ni dalili ya mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Ndoa hazimo katika faharasa hiyo. Kwa ndoa rudi FreeBMD.

Nyuma ya 1837 kuna parokia peke yake. Rejista ziliamriwa na Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, mwaka 1538, ingawa nyingi zilizosalia ni za baadaye, na zina pengo baya miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na jamhuri, 1642 hadi 1660. Tarehe tatu zinatosha kukumbuka. Kuanzia 1598 nakala ilipelekwa kwa askofu kila mwaka, kwa hiyo rejista ikiliwa na panya bado una pa kukimbilia. Kuanzia Machi 1754 ndoa zina daftari lake lenye sahihi au alama za maarusi na mashahidi. Kuanzia 1813 fomu za ubatizo zinataja kazi ya baba na makazi, na za maziko zinataja umri. Kabla ya hapo ubatizo mara nyingi ni "John mwana wa William na Mary" na hakuna zaidi, isipokuwa kama bahati imekuweka Yorkshire kati ya 1777 na 1812, ambako mapadri wengi walifuata mtindo wa kasisi William Dade na kuandika hadi babu na bibi. Mwaka ulianza 25 Machi hadi 1752, hivyo Februari 1720 ya rejista ni Februari 1721 yetu.

Jaribio ambalo wengi huliruka ndilo lenye thamani kuliko yote: ukimpata mtoto aliyebatizwa kwa jina na mwaka unaofaa, tafuta maziko yake. Watoto wengi walikufa kabla ya miaka mitano, na wazazi walimpa anayefuata jina lilelile. Kisha tafuta binamu mwenye jina hilo, kwa sababu ndugu wawili walioishi parokia jirani mara nyingi waliwaita wana wao wa kwanza kwa jina la babu mmoja. Ukishindwa kumwondoa binamu, huna ushahidi, una makisio.

Familia za Kimethodisti na za madhehebu mengine zaweza kukosekana katika ubatizo wa parokia lakini zikawemo katika maziko yake. Rejista zao zilikusanywa London na ziko chini ya alama RG 4. Karatasi za maskini, yaani mahojiano ya haki ya makazi chini ya sheria ya 1662 na amri za kumrudisha mtu parokia yake, ni dhahabu kwa kibarua aliyehamahama. Ziko hifadhi ya kaunti na chache tu ziko mtandaoni. Wosia kwa tabaka hili ni nadra, usianzie huko.

Ulipie nini

Kwa bei za 2024, picha ya haraka ya kumbukumbu kutoka Ofisi Kuu ya Usajili ni pauni 3, faili ya PDF ni pauni 8, na cheti cha karatasi ni pauni 12.50. Kwa utafiti zote tatu zina maneno yaleyale. Picha ya haraka inafunguka papo hapo lakini inahusu kuzaliwa kwa zaidi ya miaka 100 iliyopita na vifo hadi 1887. Nje ya hapo chukua PDF pale inapopatikana. Karatasi inafaa kwa maombi ya pasipoti au mahakama.

Cheti cha ndoa ya kanisani usikinunue kabla ya kutafuta picha ya rejista ya parokia. Kuanzia 1837 hadi 2021 fomu ilikuwa ileile, yenye majina na kazi za baba wa bwana na bibi harusi, na ile ya kanisani ndiyo yenye sahihi zenyewe. Ya ofisini ni nakala iliyoandikwa na mtu mwingine.

Kati ya tovuti za kulipia za Ancestry na Findmypast hakuna bora kwa jumla. Kinachoamua ni hifadhi ya kaunti ilisaini mkataba na nani. Dorset, Wiltshire na Gloucestershire: Ancestry. Devon: Findmypast. Essex ilikuwa ikiuza picha za rejista zake kwenye tovuti yake yenyewe. Kabla ya kulipa, fungua orodha ya makusanyo ya tovuti na uone kama parokia yako imo kwa picha au kwa unakili tu; unakili bila picha ndio unaozaa majina ya ajabu. FamilySearch ni bure na ianze kabla ya zote mbili, pamoja na FreeREG kwa parokia na FreeCEN kwa sensa. Kusanya maswali yako yote, lipia mwezi mmoja, maliza, ghairi.

DNA au karatasi

Kipimo cha DNA kinanunuliwa mapema mno na watu wengi. Fanya hesabu. Mhamiaji aliyezaliwa 1830, kwa vizazi vya miaka 30, ana kitukuu wa 1920 na kilembwe wa 1950. Kilembwe huyo na mwenzake wa upande wa kijijini ni binamu wa nne, na karibu nusu ya binamu wa nne hawaonyeshi kipande chochote cha pamoja. Ukimpima mzee wa kizazi kimoja juu kwa kila upande, mnakuwa binamu wa tatu, wastani wa sentimogani 73 (kipimo cha kiasi cha DNA ambacho watu wawili wanachangia), na takriban tisa kati ya kumi wataonekana. Kwa hiyo mpime shangazi mwenye miaka 90 kabla ya kujipima mwenyewe. Ancestry ina hifadhi kubwa kuliko zote na haipokei matokeo yaliyopimwa kwingine, ndiyo maana tunashauri kupimia huko kwanza. Tahadhari moja: katika vijiji ambako binamu walioana vizazi kwa vizazi, sentimogani huzidi, na binamu wa nne hufanana na wa tatu.

Kwa mwanamume anayefuata ukoo wa baba, kipimo cha kromosomu Y cha kampuni ya FamilyTreeDNA hueleza kama jina la ukoo limefuata damu, jambo ambalo rejista haiwezi.

Karatasi hushindwa kabisa hali moja, nayo ni baba asiyeandikwa. Kwa mtoto wa nje ya ndoa wa Dorset wa 1840, au kwa mtu wa Afrika Mashariki ambaye babu yake alikuwa Mwingereza asiyetajwa kwenye cheti chochote, anza na DNA. Tenga waliolingana nawe kupitia mzazi mwingine, wapange waliobaki kwa makundi, jenga miti yao hadi ipate wenza wanaojirudia, na hapo ndipo orodha za abiria na sensa zitakuwa na kazi ya kufanya: kuonyesha ni yupi kati ya ndugu hao aliyekuwa mahali hapo miezi tisa kabla ya mtoto kuzaliwa.